Re: Kilele kipana cha 3430, ni montimoriloniti?

Mkuu, usikimbilie kusema udongo wako wa Moshi ni montimoriloniti (madini ya udongo ya kundi la smektiti) kwa sababu ya kilele cha 3430 (mawimbi kwa sentimita) tu kwenye grafu ya infraredi. KBr (bromidi ya potasiamu, chumvi ya kutengenezea kidonge cha sampuli) inanyonya unyevu, maji nayo hutoa kilele kipana hapohapo, na masika hii ndiyo inayokudanganya. Ikaushe usiku kucha kwa 110°C, saga miligramu 1 ya udongo na 200 za KBr, bonyeza kidonge, kikaushe tena. Kikiwa na ukungu, rudia.

Kisha tazama 3695 na 3620: vilele viwili vyembamba hapo ni kaoliniti (madini mengine ya udongo). Kipana kimoja karibu na 3620, bila 3695, kinaelekea smektiti.

Vilele pacha vya 798 na 779 ni kwatzi (madini ya mchanga). Kuipunguza, kabla ya kupima koroga udongo majini, uache utulie masaa 8, nyonya sentimita 10 za juu tu, zenye chembe ndogo za udongo.