PhD au PsyD ukiwa na miaka 38?

Dada, umeuliza kama ukiwa na miaka 38 unaweza kuacha uhasibu ukasomee udaktari wa saikolojia ya tiba huku Marekani, na uchague PhD au PsyD. Uhasibu wa miaka 12 haukuzuii. Umri si hoja, hoja ni hela. PhD, yaani udaktari unaoegemea utafiti, nyingi zinakusamehe ada na kukupa posho, ila nafasi ni chache mno na wanataka uwe umeshashika utafiti. PsyD, yaani udaktari unaoegemea kutibu watu, wanachukua wengi zaidi, lakini mara nyingi unalipa mwenyewe, na deni lake si la kuchezea.

Hakikisha programu ina ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Halafu ingia tovuti ya programu yenyewe utafute jedwali la matokeo ya wanafunzi. Wanalazimika kuliweka wazi: gharama, miaka ya kumaliza, walioacha njiani, waliopata leseni. Wewe mhasibu, jedwali halikushindi! Mimi nilisoma la chuo nilichokuwa nimekizimia, nikafunga kompyuta kimyakimya.

Ukienda PhD, tafuta kwanza profesa wa kukusimamia utafiti, chuo baadaye. Mwandikie umuulize kama anapokea mwanafunzi mwakani. Na kama unachotaka ni kukaa na watu na kuwasikiliza tu, basi uzamili wa ushauri nasaha unatosha, tena miaka miwili mitatu umemaliza.