Madogo wa Zilong na Lancelot, kaeni kitako tuongee

Nimevumilia nimeshindwa. Naongelea Mobile Legends, gemu ya simu ya watano kwa watano, kila mtu na hiro wake, mnavunja minara ya wenzenu mpaka beisi. Wiki nzima nawaangalia pale kijiweni Chikongola, hapa Mtwara, natafuna zangu ming'oko na chumvi, sisemi kitu, najiambia wataelewa wenyewe. Juzi dogo mmoja, simtaji maana mama yake tunaheshimiana, yuko na Zilong, timu yake inalinda mnara wa mwisho, maksmani wao kakaa nyuma vizuri kabisa anamwaga risasi zake, dogo anaruka mbele, anamfata Tigreal, tanki (mbeba kipigo) wa upande wa pili, anamchota na mkuki anamrusha nyuma. Nyuma kwa nani? Kwa maksmani wake mwenyewe! Tigreal wa watu kahangaika muda wote anatafuta pa kupenya, dogo kampa lifti ya bodaboda bure mpaka mlangoni. Na Tigreal hakufanya hiyana, kashusha Implosion, ile ulti (skili kubwa) yake, watu wote kawakusanya miguuni kwake, mechi kwisha. Halafu dogo anageuka anatuangalia eti "hii timu mbovu".

Haya. Nawaandikia nyie mnaocheza asasini na faita, watu wa kupiga kwa karibu. Kombo mnazijua, skili ipi inafata ipi siwafundishi, hata kunizidi kuna wanaonizidi. Tatizo lenu sio vidole. Damiji tunayo ya kutosha, ila ili umpige mtu lazima uwe alipo yeye, na alipo yeye wapo na wenzake wanne. Layla, maksmani wa kupiga kwa mbali, akikosea anarudi nyuma hatua mbili maisha yanaendelea, wewe ukikosea uko katikati ya watu watano na skili zote ziko kijivu, hazibonyezeki. Kwahiyo kwetu sisi swali ni saa ngapi unaingia na utatokea wapi, mengine yote yanakuja baada ya hapo.

1. Usiingie wa kwanza

Hili nimelisema mpaka koo limekauka. Kabla mechi haijaanza, pale mnapoona majina ya hiro wa upande wa pili, hesabu nani ana kitu cha kukushika. Franco ana ndoano na ana ile ulti ya kukukamata, ambayo hata ukiwa na Purify, ile spelli ya kujinasua, haikusaidii, ukishakamatwa hubonyezi chochote, unaangalia tu. Khufra akijigeuza mpira dashi yako ikimpitia inakatikia hapo hapo unarushwa juu. Minsitthar akisimamisha ulti yake, ndani ya eneo lile hakuna cha kuruka wala kupepea. Sasa we una Lancelot ambaye maisha yake yote ni kuruka, unaingia kabla hivyo vitu havijatumika, ulitegemea nini?

Unakaa pembeni. Kwenye kichaka, nyuma ya ukuta, popote wasipokuona. Tanki wako anaingia, wanamrushia kila kitu, ndoano imekosa au imempata yeye, mpira umeshadunda, NDO unaingia. Ni sekunde mbili tatu tu ila mnaziona ndefu kama vile mtu kawaibia simu, mnahisi timu itawasema mnaogopa. Waache waseme. Nimeona mechi nyingi sana asasini kachelewa kidogo akakuta wenzake wawili wamekufa lakini upande wa pili hawana skili hata moja iliyobaki, akafagia wote. Sijawahi kuona asasini aliyewahi akafagia mtu mwenye Franco mzima pembeni yake.

Halafu meiji, mtu wa uchawi, akijigandisha barafu, acha kumpiga jamani. Kaganda! Hapigiki! Juzi mtu kamaliza kombo nzima kwenye barafu, barafu ikayeyuka, akauliwa yeye. Na maksmani akiwasha Wind of Nature, kile kitu cha kununua, ni hivyo hivyo, damiji ya fizikali haimuingii, rudi nyuma kidogo iishe ndo urudi.

2. Ukiingia jua unatokea wapi

Hayabusa kivuli kimoja kinabaki nyuma siku zote, hicho ndo nauli ya kurudia. Lancelot, minioni, wale askari wadogo wanaotembea wenyewe, ni ngazi zako, skili ya kwanza ukimgonga ambaye hana alama inarudi muda huo huo, kwahiyo leini (njia) yenye minioni unaingia na kutoka unavyotaka, leini tupu ni kaburi. Chou, ile skili ya pili ambayo hushikiki usiitumie kuwahi, iache ya kutokea. Na Chou hao hao, mnapiga teke mnampeleka maksmani wa watu kwenye mnara wake, mnamuokoa, kwanini? Zunguka nyuma yake kwanza ndo umpige aje kwetu. Na wewe Zilong vile vile, jua nyuma yako kuna nani kabla hujamrusha mtu, sitaki kurudia.

3. Kazi yako kwanza, kuua baadae

Hapa nitakaa kidogo.

Kulikuwa na mashindano ya mtaani kule Shangani, kila timu inachangia, mshindi anabeba kapu lote, na ilikuwa msimu wa korosho, wanunuzi wameshalipa, watu wana hela mfukoni, kapu limenona haswa. Tumefika fainali. Mimi jangla, mwindaji wa wanyama wa porini, nina Lancelot, Retribution, ile spelli ya kummalizia mnyama, iko kwangu peke yangu. Tanki wetu dada mmoja wa Ligula, Tigreal yake unaweza kuilalia usingizi, mtu mtulivu, haongei mpaka kuwe na cha kuongea. Tunaongoza. Wamebakiza minara ya ndani tu, tunampiga Lord, lile jitu ambalo anayelimaliza linaenda kumvunjia minara ya adui, damu ya Lord imeshuka chini ya nusu, na jangla wao ambaye ni Hayabusa haonekani kwenye ramani. Jangla haonekani na nyie mnampiga Lord, maana yake yuko nyuma ya ukuta ananusa. Na mimi nilijua, nisije nikawadanganya hapa kwamba sikujua, nilijua kabisa.

Sasa pembeni ya shimo akatokea Layla. Damu imebaki kistari. Na huyu Layla ndo aliyekuwa ananichamba kwenye chati toka mwanzo wa mechi, ananiita mpishi, eti niende nikapike, kila nikifa ananiandikia "chakula tayari?" Nikamuona pale anajikokota na kile kistari chake, nikasema leo utakula wewe. Nikatoka shimoni.

Nyuma nikasikia dada anasema "rudi". Mara moja tu, wala hakupaza sauti. Nikamjibu "namalizia huyu". Nikagonga minioni, skili ikarudi, nikagonga tena, nikavuka ukuta, Layla kakata kulia, nikamfata mpaka karibu na mnara wao, nikamuua. Hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu, Layla nilimuua. Vijana waliosimama nyuma yangu wakashangilia, mmoja kanipiga bega, na katikati ya zile kelele ikaja taarifa kwamba Lord kauawa, na aliyemuua sio sisi. Hayabusa karuka ukuta, Retribution moja, kaondoka na vivuli vyake. Timu yangu imempiga yule Lord karibu mpaka mwisho, mwenye kitu cha kummalizia nilikuwa mimi na mimi niko kwa watu huko naua mpishi mwenzangu.

Pale bado mechi ilikuwa haijaisha, ujue. Layla kafa, wao wanne sisi watano, ningerudi nyumbani tu tungemzuia yule Lord, tungejipanga upya. Ila aibu ikanishika. Nikaona nikimuua Hayabusa tutakuwa tumelipana, hakuna atakayekumbuka. Nikamrukia. Njiani pale kasimama Khufra, kashageuka mpira, anadunda zake. Point namba moja hapo juu niliyoandika kwa ukali vile, nimeitoa pale. Nikarushwa juu, nikatua, nikashikwa tena, skrini ikawa ya kijivu, nikakaa naangalia namba za kufufuka zinashuka polepole na Lord wao anaingia kwenye beisi yetu hana haraka.

Mechi ilipoisha watu wote kimya. Mimi nikasema mtandao umezingua. Simu zote kumi zilikuwa zimeunganishwa kwenye hotspoti ya simu moja, iko katikati ya meza, chaji asilimia themanini na kitu, inawaka kijani. Hakuna aliyenijibu. Dada akachomoa chaja yake akaizungusha waya taratibu akasema, "Ungesimama tu pale, kaka. Hata bila kumpiga." Na kweli, ningesimama tu na kidole juu ya Retribution tungebeba kapu. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia vizuri tu, na kila akinisalimia najisikia vibaya upya.

Basi ukibeba Retribution we ni mlinzi wa Turtle, yule kobe wa mwanzo wa mechi, na Lord. Turtle wa kwanza anatoka dakika ya 2, Lord dakika ya 8, uwe umeshafika kabla yao. Mtu mwenye kistari cha damu atakuja mwingine.

4. Vichaka usiingie na uso, tupia skili kwanza.

5. Hiro achaguliwe na pingi

Namba ya pingi, yaani mtandao unavyochelewa, juu pale ikiwa nyekundu, Lancelot muache alale. Yule anataka ubonyeze kwa wakati wake hasa, ile sekunde ambayo hapigiki ndo uhai wake, sasa ukibonyeza leo ikatokea kesho umekufa. Chukua Saber, ulti yake inamfunga mtu mmoja, ukishambonyeza ni wa kwako. Au Zilong, anaruka kwa mtu hakosi. Mimi Saber nimejifunza kwa shida Mei 2024, pale kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuomba Mungu, hapa Mtwara hata picha ya wasap ilikuwa inazunguka mpaka unasahau ulikuwa unataka kuona nini. Wenye akili waliacha gemu wakaenda Mikindani kuvua. Mimi nikawa nacheza kwa kubahatisha, naona adui kasimama kumbe keshapita, kila kitu cha kulenga nakosa, ndo nikagundua Saber hahitaji kulenga. Rank ilishuka lakini kidogo, wenzangu waliong'ang'ania Fanny, hiro wa kuruka na kamba, waliporomoka mpaka nikawaonea huruma. Fanny na pingi nyekundu ni kujipigiza ukutani mwenyewe.

Na bando la usiku likiisha katikati ya ranki mechi hiyo ni kifo, angalia salio kabla hujabonyeza kuanza, wenzako wanne hawana kosa.

6. Vitu nunua kwa kuangalia adui, sio kwa kukariri. Mtu ana Blade Armor, vazi linalokurudishia kipigo, na wewe umejaza mashambulizi matupu unajiua kwa mkono wako.

7. Hayabusa, tena

Nimesahau kule juu. Ile ulti ikimkuta mtu peke yake anakula mapigo yote, ikiwakuta watatu wamebanana mapigo yanagawanyika, kila mtu anapata mchubuko halafu unatokea katikati yao. Mnaibonyeza kwenye msongamano kwasababu inapendeza machoni. Mtafute aliyejitenga, anayesafisha leini peke yake, huyo ndo chakula.

8. Tanki

Mkiwa mnatukana tanki kwenye chati sijui mnategemea nani awafungulie mlango. Mtu anacheza nafasi ambayo haipewi sifa, anakufa ili nyie mpate hizo sekunde mbili nilizosema, halafu mkifeli yeye ndo wa kwanza kusemwa. Pale kijiweni najua kabisa kuna watatu hawataki tena kucheza Tigreal na sababu ni midomo yenu. Sasa mnajikuta asasini watatu, maksmani wawili, mnaanza kulialia matchmaking mbovu.

Jioni moja moja cheza tanki wewe, hata kama hujui. Utaona asasini wako anavyoingia kabla hujafika, utamshangaa, utataka kumpigia simu. Mimi wiki hii Khufra ndo nashika, na Lancelot yeyote atakayekuja nitamdaka, kwahiyo Jumamosi baada ya isha njooni, kila mtu na chaja yake maana soketi inayofanya kazi pale ni moja, na anayetaka Retribution aje akiwa ameshakubali kwamba hatanifata kichakani hata nimtukane vipi. Maana nitatukana, natafuta neno zuri kuliko mpishi.