Mama Alisema Anatoka Gdańsk

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, ni wajibu wa mtoto kumpeleka mzazi mzee akaone kwao kabla hajafa?", nililisoma ndani ya daladala ya Tengeru nikapitiliza kituo. Nilitaka kuwajibu kwa neno moja: hapana. Nasema hivyo kwa sababu mimi wangu nilimpeleka.

Najua wengi mnawaza Kigoma au Songea, au Desemba yetu sisi Wachaga ya kwenda kuhesabiwa. Mama yangu kwao ni Poland. Alizaliwa mwaka 1947 Łódź, mji wa viwanda vya nguo ambao jina lake maana yake ni mashua, ingawa mashua yenyewe haina pa kupita, maana vijito vyake vingi vilishafukiwa chini ya barabara. Baba alipelekwa huko kusomea uhandisi wa nguo. Hadi leo kuna mtaa wenye jina la Patrice Lumumba, na mabweni ya eneo lile wanafunzi huyaita Lumumbowo. Mwaka 1974 Baba alirudi na shahada, koti zito na mke. Tangu siku hiyo yeye ni Mama Eliya wa Machame, na mbege ikipikwa vibaya wa kwanza kusema ni yeye.

Kwao alirudi mara moja tu, 1986, kumzika mama yake. Aliacha foleni ya sukari ya RTC, duka la serikali, hapa akaenda kupanga foleni ya nyama kwa kadi kule. Hakuomba tena kwenda. Ni sisi watoto tuliokaa kikao tukaamua kwamba "anatamani". Mimi ndiye niliyechukua mkopo wa SACCOS wa miezi kumi na minane, na Septemba 2023 tukaruka, yeye na miaka yake 76 na magoti yake mabovu.

Ya uwanja wa ndege wa Warszawa nayapita. Yeye alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu upande wa raia wa Ulaya, mimi na pasipoti yangu ya Tanzania nikabaki foleni ya wengine. Basi.

Nataka kusema habari ya uani. Nyumba aliyokulia Mama ni ghorofa la zamani kwenye mtaa mdogo unaotokea Piotrkowska, barabara kuu ya Łódź. Zamani, anasema, geti lilikuwa wazi muda wote. Siku hizi lina kengele za namba, na sisi hatukuwa na namba ya kubonyeza. Tulisimama hapo zaidi ya saa nzima. Nilimwambia twende tukanywe chai, akakataa. Hatimaye akatoka kijana na mbwa, Mama akaingiza fimbo yake kwenye upenyo kabla geti halijafunga, kama konda anayezuia mlango.

Ndani uani kilikuwepo bado chuma cha kupigia mazulia, yaani mabomba mawili yaliyosimama na moja limelala juu. Watoto wa kule walikuwa wananing'inia hapo kichwa chini miguu juu. Nilitegemea alie. Nilishatoa simu nimpige picha akilia, Mungu anisamehe. Yeye akatundika mkoba wake kwenye kile chuma, akakaa juu ya ngazi.

Dirisha likafunguliwa, bibi mmoja akaanza kufoka: nyie ni nani, mnataka nini? Mama akamjibu kwa adabu ile ya zamani, na yule bibi akashuka na kandambili. Wakazungumza dakika arobaini. Kipolandi changu ni cha jikoni, cha kuelewa nikigombezwa, lakini niliokota mengi: bei ya dawa za presha, lifti iliyoahidiwa isiyokuja, vijana wanaohamia Warszawa. Kisha yule bibi akamuuliza anaishi wapi. Mama akasema Gdańsk, mji wa pwani huko huko Poland. Bibi akanitazama mimi, na rangi yangu hii. Mama akasema, bila hata kugeuka, "Huyu dada ananisaidia."

Mhariri, nilibeba mkoba wake hadi kituo cha tramu kama kweli nimeajiriwa.

Ndani ya tramu nikamuuliza. "Mwanangu, mkojo ulikuwa umenibana. Ningesema Tanzania, yule mama angeniuliza maswali mpaka jioni." Uongo mtupu, hukai dakika arobaini kwenye dawa za presha ukiwa umebanwa. Sikumsemesha hadi kesho yake asubuhi. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa hapana.

Lakini naandika huku namkumbuka kila tarehe mosi Novemba, anapokwenda Tengeru kuwasha mishumaa kwenye makaburi ya Wapolandi. Mnalijua lile eneo. Watu kama elfu tano waliwekwa kambini pale kuanzia 1942, wengi wakiwa wanawake na watoto ambao Wasovieti waliwapeleka Siberia, kisha wakapitia Iran hadi huku. Vita vilipokwisha, wengi wao kwao kulikuwa upande wa pili wa mpaka mpya. Lwów yao ikawa ya Wasovieti, leo iko Ukraine. Mama hana ndugu hata mmoja pale, lakini hakosi.

Na nimewaza hili pia. Miaka hamsini Mama anaulizwa sokoni "mzungu, wewe wa wapi?" Pale uani hakuna aliyemwona wa ajabu. Alikuwa bibi kizee mmoja tu mwenye magoti mabovu. Huenda alitaka kubaki hivyo dakika chache, na mimi pale pembeni ndiye niliyekuwa maelezo marefu.

Sijui kama nimemsamehe. Ila nikilazimishwa kujibu sasa, nasema mpelekeni, mradi aombe mwenyewe, daktari akubali, na mkifika kwenye geti yeye aingie, wewe ubaki nje na mbwa wa watu.

Juzi ameniuliza nauli siku hizi ni kiasi gani. Nimemwambia mkopo wa SACCOS haujaisha. Uliisha Machi.

Msomaji wenu, Usa River