Mkienda Wawili Andes: Ya Mlimani na ya Msituni

Mume wangu amepandisha wageni Kilimanjaro kwa miaka 11, na kufika kilele cha Uhuru kwake kulishakuwa kama kwenda sokoni. Mimi ni mtoto wa Tanga. Mlima nilikuwa nauona kupitia dirisha la basi, mawingu yakiruhusu. Tulipotua Cusco, Peru, nadhani unaweza kukisia ni nani aliyelala siku 2 na ndoo pembeni ya kitanda.

Nawaandikia ninyi mnaodunduliza, mke na mume au wachumba, wenye ndoto ya kutembea na shanta mgongoni kwenye milima ya Andes kisha mkateremka mpaka msitu wa Amazoni. Sisi tulijaza kibubu miaka 4 kwa ajili ya wiki 5. Sitawaambia mlale hoteli gani. Nitawaambia yaliyotugharimu.

La kwanza ni kimo. Kwetu mtu huupanda mlima kwa miguu yake. Kwa njia ya Marangu, usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,700 hivi, wa pili Horombo, mita 3,720. Mwili unapewa taarifa mapema. Kule, ndege inaondoka Lima, pwani kabisa, na baada ya saa 1 na ushee inakuteremsha Cusco, mita 3,400. Hujatembea, hujatoka jasho, damu yako bado ni ya baharini. Baba watoto akabeba mashanta yote mawili, lake na langu, akapanda nayo ngazi za mawe mpaka nyumba ya wageni, na jioni akaagiza bia. "Hapa hata Horombo hatujafika," akaniambia. Ni kweli, hatukuwa tumefika Horombo. Saa 8 usiku kichwa kilikuwa kinampasuka, na kulipokucha hata maji yalikuwa hayakai tumboni. Wenyeji huiita hali hiyo soroche, wala hawaioni aibu. Mwenye nyumba alituletea chai ya majani ya koka kabla hatujaomba chochote.

Kosa lilikuwa nini? Alikuwa hajapanda mlima kwa miezi 8. Kuzoea kimo ni kitu kinachoisha. Ukikaa bondeni wiki chache tu mwili umeshasahau, na cheo chako cha kazini hauujui. Kwa hiyo ninyi mkitua Cusco msilale Cusco. Chukueni kolektivo, gari dogo la abiria linaloondoka likishajaa, ndugu yake hiace zetu, mteremke Bonde Takatifu mkalale Ollantaytambo, mita 2,800 hivi. Kaeni hapo siku 2 au 3, mkila supu na kutembea taratibu, ndipo mpande. Ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku 3 au 4 pumzika moja. Vidonge vya acetazolamide, ambavyo waongozaji wa Moshi wanavijua kwa jina la Diamox, vinasaidia, ila muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Si kawaida mwenzio akitembea akiyumba kama mlevi, akijibu ovyo, au akiwa amekaa tu na bado anahema na kukohoa. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke. Mnashuka, iwe usiku, iwe mmeshalipia kila kitu.

Kuhusu koka: kutafuna majani yake na kunywa chai yake Peru na Bolivia ni halali, na ni heshima ya wenyeji tangu zamani za mababu. Lakini msirudi nayo nyumbani, hata jani moja lililojificha mfukoni mwa koti. Na kama kazini kwenu hupimwa mkojo, jueni kwamba chai hiyo inaweza kukutia matatani ukaonekana mtumiaji wa kokeini. Mume wangu aliinywa. Mimi niliiogopa, nikashika tangawizi yangu.

Sasa njia. Wengi huota ile Njia ya Wainka inayoingia Machu Picchu, mji wao wa kale juu ya mlima. Hiyo inaruhusu watu 500 tu kwa siku, wapagazi na wapishi wakihesabiwa humo humo. Kibali hutoka kwa jina na namba ya pasipoti, lazima upitie kampuni yenye leseni, na Februari nzima inafungwa. Tulipoulizia tulikuwa tumechelewa kwa miezi. Tukapita njia ya Salkantay, ambayo haihitaji kibali cha namna ile. Tiketi ya Machu Picchu yenyewe ndiyo ya kununua mapema. Wala sijutii. Unaanza Soraypampa, mita 3,900, asubuhi yake unavuka pito, yaani upenyo kati ya milima, lililo mita 4,630 chini ya mlima wenyewe wa mita 6,271, na wenyeji wanakwambia huo si mlima tu, ni apu, mwenye mahali. Mume wangu alipiga picha chache sana hapo. Nilimwona anavua kofia.

Kwenye kupanda pito hilo ndipo tulipogombana, na ugomvi huu ndio ningependa muukwepe kuliko soroche. Mwongozaji akiwa na wageni anatembea polepole mpaka unamwonea huruma. Akiwa hana wageni, kumbe, anakimbia. Kila baada ya kona ananisubiri, mimi nikifika tu naye anaondoka, kwa hiyo anayepumzika ni yeye peke yake. Na mimi, kwa kutotaka kuonekana mzigo, kila akiniuliza nasema "niko sawa". Mara ya nne nikakaa juu ya jiwe nikalia. Akarudi mbio. "Ungekuwa mgeni wangu ungeshaniambia zamani," akasema. Nikamjibu, "Ningekuwa mgeni wako ungetembea polepole."

Tangu pale tulikuwa na taratibu 2. Mwenye mwendo mdogo anatangulia, daima, na anayefuata haruhusiwi kumkanyaga visigino. Kisha asubuhi na jioni tunaulizana: umelala, umekula, kichwa je? Na jibu la "niko sawa" halipokelewi; unataja namba, kuanzia 0 ya mzima mpaka 10 ya mahututi. Inaonekana ni mchezo wa watoto, lakini mtu aliyezoea kuvumilia hawezi kukwambia anaumwa, ila "6" ataitamka.

Mzigo nao msigawane nusu kwa nusu kwa kuwa mnapendana. Gawaneni kwa uzito wa miili. Langu lilikuwa kilo 7, lake 11, na mahema na chakula tukawaachia nyumbu wa kukodi pamoja na mchungaji wao. Kwa njia zenye wapagazi, sheria ya Peru inamwekea mpagazi mwanamume kilo 20, sawa na Kilimanjaro, na mume wangu, aliyeanza kazi kama mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, alikuwa akiuliza habari ya mizani kila alipokutana na mbeba mizigo. Msafara wa nyumbu ukija, simameni upande wa mlima, si upande wa bonde. Nyumbu hajui kwamba kreti aliyobeba ni pana kuliko yeye.

Miezi ya kwenda ni Mei hadi Septemba, kiangazi. Desemba hadi Machi mvua huporomosha udongo na kufunga njia. Ila kiangazi cha kule ndiyo baridi yenyewe. Juni pale Soraypampa chupa ya maji niliyoiacha nje ya begi la kulalia iliamka barafu. Laleni na chupa, laleni na betri za simu. Na mchana jua linawaka bila huruma. Nilikwenda na ile imani yetu kwamba sisi weusi hatuungui. Pua ilibabuka, midomo ikapasuka nikawa nakunywa chai kwa mrija. Pakeni, mpake na masikioni.

Baada ya pito unashuka, na kushuka ndiko kunakoua magoti, kwa hiyo fimbo 2 kila mtu, hata kama kijana. Kwa siku 2 tukashuka zaidi ya mita 2,500, tukitoka kwenye barafu tukaingia kwenye kahawa. Kahawa kabisa, chini ya kivuli cha migomba, maeneo ya Lucmabamba. Mume wangu alisimama katikati ya shamba la watu akasema hapa ni kwao Kibosho, kasoro pombe ya mbege. Tukanunua ya kukaangwa pale pale juu ya chungu. Kama nyumbani kwenu ni mashamba ya kahawa, achieni siku nzima hapo, msifuate ratiba ya mtu.

Msituni mambo yaligeuka. Kutoka Cusco tulipita Paucartambo, tukavuka pito la Acjanaco, mita 3,500 na kitu, na kutoka pale barabara inadondoka tu, ukungu, maporomoko, mito, mpaka bandari ndogo ya Atalaya unakopanda boti. Boti zenye injini ndogo wanaziita pekepeke kwa mlio wake, na nilicheka peke yangu. Hifadhi ya Manu, iliyoanzishwa mwaka 1973, sehemu yake kubwa haifunguliwi kwa wageni. Humo wamo watu wanaoishi bila kuchangamana na wengine, na ugonjwa wa mafua tu unaweza kuwamaliza. Sehemu inayoruhusiwa unaingia na kampuni iliyoidhinishwa. Msimsikilize anayewaambia ana njia ya pembeni.

Hapo mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Joto, unyevu, mbu, muhogo. Muhogo asili yake ni bara lile, Wareno ndio waliotuletea, na wenyeji wa kule wanauita yuka. Nilipopewa wa kukaanga na samaki wa mtoni nilitaka kuuliza chatini iko wapi. Baba watoto alikuwa analowa jasho akiwa amekaa.

Msituni kuna nguo za kulowa na nguo za kulalia. Za kulalia zikae kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, na asubuhi, hata roho ikikataa, vaa tena zile mbichi za jana. Ukivaa kavu, jioni huna kavu. Miguuni ni gambuti, si viatu vya mlimani, na kabla ya kuivaa unaipindua na kuigonga. Usishike mti bila kuutazama: yuko chungu mweusi mkubwa, isula, ambaye mchomo wake unaweza kukulaza siku nzima. Usubi ni wadogo kuliko mbu na wanapita kwenye matundu ya baadhi ya vyandarua. Wanaeneza leishmania, kwa hiyo kidonda kisichopona baada ya wiki kadhaa kipelekeni hospitali mkitaja mlikokuwa. Homa nayo hivyo hivyo. Kuugua malaria mara kumi utotoni si kinga ya huko. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla, kadi yake ikae na pasipoti.

Pasipoti, kila mtu na yake, mwilini. Pesa gawaneni, na dola ziwe safi, maana noti yenye mchaniko mdogo hukataliwa. Viza ulizeni miezi mingi kabla, na za njiani pia: anayebadilisha ndege Marekani anadaiwa viza ya Marekani hata asipotoka uwanjani. Sisi tulizunguka kwa Addis Ababa na São Paulo.

La mwisho sikuliona kwenye ushauri wa mtu yeyote kabla ya kuondoka. Kati ya Mei na Agosti upepo wa baridi kutoka kusini mwa bara huwa unaingia mpaka msituni, wanauita friaje. Joto la nyuzi 30 na zaidi linaanguka chini ya 15 ndani ya siku moja, na nyumba za huko hazina kuta za kuzuia chochote. Masweta yetu yote tulikuwa tumeyaacha Cusco ili mzigo upungue. Tukabaki na kanga zangu doti 2, zile alizozicheka siku nafungasha. Kwa usiku 3 mtu wa Kibosho alilala amejifunga vipande 3, mimi kimoja.