Milango ya mninga iliyopasuka Dodoma: kosa ni la mbao au la viungo?

Swali: Mimi ni seremala mwenye karakana Dar es Salaam. Nilitengeneza milango minne ya paneli kwa mbao za mninga, fremu zikiwa na viungo vya ulimi na tundu (ncha nyembamba ya mbao moja ikiingia kwenye tundu la nyingine), nikaipaka vanishi baada ya kuiunganisha, kisha ikasafirishwa na kufungwa kwenye nyumba iliyoko Dodoma. Kiangazi kilipokolea, paneli mbili zilipasuka katikati kufuata nyuzi za mbao, na nyingine zimeonyesha mistari myeupe isiyo na vanishi kandokando. Mbao ya chini ya kila mlango nayo imeachana kidogo na mbao za kusimama. Mteja anadai kwamba nilimpa mbao mbichi, ilhali nilizianika kivulini mwaka mzima. Kosa liko wapi, na je, nikaze viungo hivyo kwa skrubu?

Jibu: Ndugu fundi, mistari myeupe uliyoitaja ndiyo ushahidi mkubwa kuliko mipasuko yenyewe, na kwa kiasi fulani inakutetea. Paneli iliyoonyesha mstari mweupe ni paneli iliyosinyaa ikiwa huru ndani ya mfereji wa fremu unaoshika kingo zake, ikavuta nje sehemu ambayo vanishi haikuifikia. Paneli iliyopasuka ilisinyaa vilevile, lakini ilikuwa imeshikwa pande zote mbili, na kwa kuwa haikuwa na pa kwenda, ikaachia mahali palipokuwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo mbao zote zimepungua kwa kiwango kinachokaribiana. Kilichotofautiana ni uhuru wake.

Kuhusu madai ya mteja, mbao zako hazikuwa mbichi kwa Dar es Salaam, ila zilikuwa na maji mengi mno kwa Dodoma. Mbao haikauki mara moja ikamaliza, bali hufuata hewa inayoizunguka kwa maisha yake yote. Mahali ambapo unyevu wa hewa unakaa karibu na 80%, mbao hutulia ikiwa na maji yanayokaribia 16% ya uzito wake mkavu. Mahali ambapo hewa iko karibu na 50%, hutulia karibu na 9%. Pwani inafanana na hali ya kwanza, na Dodoma katika miezi ya kiangazi inafanana na ya pili. Hata ungezianika mbao hizo miaka mitano kivulini Dar es Salaam, zisingeshuka chini ya kile ambacho hewa ya pwani inaruhusu.

Kama huna kipimo cha umeme cha unyevu, unaweza kupima kwa mizani ndogo ya jikoni na jiko la kuokea. Kata kipande cha unene wa sentimita mbili hivi kutoka sehemu iliyo mbali na ncha ya ubao, angalau sentimita 30, kwa sababu ncha hukauka haraka na kudanganya. Kipime mara moja, kioke kwenye joto la nyuzi 103, kisha ukipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Kikianza na gramu 87 na kuishia gramu 75, maji yaliyotoka ni gramu 12, nazo ukizigawanya kwa 75 unapata 16%. Mteja akionyeshwa hesabu hii kabla ya kazi kuanza, mabishano mengi hayazaliwi.

Sasa tuangalie paneli. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana, na ndiyo maana unapendwa kwa milango. Ungetumia mkaratusi, barua yako ingekuwa ya kusikitisha zaidi. Hata hivyo, kwa tahadhari mimi hukadiria kwamba kila 1% ya maji inayotoka hupunguza upana wa ubao kwa 0.2%. Paneli ya upana wa milimita 400 ikishuka kutoka 16% hadi 9%, itapungua milimita 5.6. Kwa urefu haipungui kiasi cha kuhangaisha mtu. Mfereji wa kina cha milimita 12, paneli ikiingia milimita 9 kila upande, unaibeba safari hiyo kwa usalama, mradi paneli isipakwe gundi hata tone. Mara nyingi kinachoikamata si gundi iliyowekwa kwa makusudi, bali ile inayotoka kwenye tundu wakati wa kukaza klampu na kuingia kwenye pembe za mfereji. Pakaa nta kwenye pembe za paneli kabla ya kuunganisha, na gundi hiyo haitashika. Ukitaka paneli isihamie upande mmoja, ipigilie msumari mmoja mwembamba katikati ya ukingo wa juu na mmoja katikati ya ukingo wa chini, basi. Isinyae kwa usawa kuelekea katikati. Vanishi nayo ipakwe kwenye paneli nzima, mbele, nyuma na kingoni, kabla haijaingia kwenye fremu, na ile mistari myeupe hutaiona tena.

Mafundi wa zamani wa Lamu na Unguja walilijua jambo hili bila mizani. Ubao wa mlango wao uliundwa kwa mbao zilizosimama bega kwa bega na kupigiliwa kwenye mbao za nyuma, kila ubao ukiwa na nafasi yake ya kupumua, nao ule mfaa, yaani mti wa katikati uliochongwa kwa nakshi, pamoja na uzuri wake, hufunika mwanya unaofunguka na kujifunga kati ya mbawa mbili za mlango. Watu hutazama nakshi. Seremala anapaswa kutazama kilicho nyuma yake.

Mbao ya chini iliyoachana ni suala jingine. Bila shaka ina upana wa milimita 200 au zaidi, nawe umeichongea ulimi mmoja mpana. Ulimi huo husinyaa kwa upana wake ndani ya tundu, ilhali kuta za tundu, ambazo nyuzi zake zinakwenda kwa urefu wa mbao ya kusimama, hazisogei. Gundi inavutwa pande mbili mpaka inaachia. Kwa mbao pana namna hiyo, chonga ndimi mbili zenye nafasi kati yake, kila moja ikiwa na unene wa theluthi moja ya unene wa mbao na upana usiozidi mara tano au sita ya unene huo.

Skrubu siishauri. Chuma hakisinyai pamoja na mbao, hivyo mwisho wake hulegea au hupasua. Tumia vigingi vya mti mgumu uliokauka vizuri, vilivyopasuliwa kufuata nyuzi na si kukatwa kwa msumeno. Toboa kwanza kuta za tundu, ingiza ulimi mpaka mwisho, weka alama kwenye ulimi kwa ncha ya keekee kupitia kitobo ulichotoboa, kisha utoe ulimi na uutoboe milimita moja na nusu karibu zaidi na bega lake (pale ulimi unapoanzia, panapogusana na mbao ya kusimama) kuliko alama inavyoonyesha. Kigingi kilichochongoka kikigongwa kwa nyundo kitalazimika kupinda kidogo, na katika kupinda huko kitavuta bega likae barabara bila klampu. Kiweke karibu na bega, si mbali kuelekea ukingo wa nje. Sababu yake ni hii: mbao ya kusimama inaposinyaa kwa upana, ulimi haupungui urefu, hivyo ukishikwa kwenye ukingo wa nje peke yake, kwa kabari kwa mfano, bega ndilo litakaloachana. Ukishikwa karibu na bega, litakalojitokeza ni ncha ya ulimi upande wa nje, na hiyo unaipitisha randa mara moja ikaisha.

Kuhusu milango iliyokwisha kufungwa, usijaze puti kwenye mipasuko. Mvua za Dodoma zikifika mwishoni mwa mwaka, paneli itavimba, na puti iliyokauka itafanya kazi ya kabari. Zikomboe kwanza paneli zilizopasuka kwa kupitisha kisu chembamba kuzunguka kingo zote mpaka uone zinasogea kwa mkono. Kisha ingiza gundi ya mbao ndani ya ufa kwa kipande cha karatasi ngumu, sukuma nusu mbili za paneli zikutane, na uzishike kwa utepe wa karatasi mpaka zikauke. Kazi hiyo ifanye sasa, kiangazi kikiwa bado kikali, kwa maana ndipo paneli ilipo nyembamba kabisa na kuna nafasi ya kutosha ndani ya mfereji kuisogeza. Mbao ya chini ivue ukiweza, uupasue ule ulimi mpana kuwa ndimi mbili kwa msumeno na patasi, ujaze kipande cha mninga kwenye sehemu ya tundu iliyobaki wazi, kisha uirudishe kwa vigingi.