Jino limenyamaza, tungoje tukirudi Kampala?

Swali:

Habari daktari. Mimi naishi Kireka lakini nakuandikia nikiwa kijijini kwa mume wangu huku Tororo, tulifika tarehe 22 kwa ajili ya Krismasi kama kila mwaka. Kijana wangu ana miaka 7. Usiku wa tarehe 24 ndo alianza kulia jino, la nyuma, chini upande wa kushoto, nikamulika na tochi ya simu nikaona tundu jeusi. Hakulala na sisi hatukulala. Mama mkwe akasema tuweke tumbaku pale, mjomba wake naye akaleta waragi, ile pombe kali, kwenye kifuniko cha chupa eti ashikilie mdomoni, nikakataa, ila unajua kukataa mambo ukiwa kwa wakwe si rahisi. Asubuhi ya Krismasi nikapanda boda mpaka senta, kilichokuwa wazi ni duka la dawa peke yake, wakanipa amoksilini kapsuli kumi kwenye karatasi na Panadol. Nikampa siku mbili, leo tarehe 27 maumivu yamekata kabisa, anakimbia na wenzake, miwa anatafuna kwa upande ule mwingine, kwa hiyo zile kapsuli zilizobaki nimeziweka za siku ikianza tena. Mume wangu anasema ni jino la utoto litang'oka lenyewe, tungoje tukirudi Kampala tarehe 5. Mimi roho haijatulia. Tungoje?

Mama wa watoto watatu

Jibu:

Mama, pole sana na huo usiku. Usingoje. Najua jibu hili linaweza kuleta maneno hapo nyumbani kwa hiyo nalieleza kwa urefu, umsomee na baba yake.

Jino lina ganda gumu kwa nje na katikati lina chumba kidogo chenye mshipa wa fahamu na damu. Tundu likiwa dogo mtoto hasikii kitu, au anasikia kidogo tu akinywa baridi au akila tamu. Likifika kwenye kile chumba ndo unapata usiku kama wa tarehe 24, na usiku huwa mbaya kuliko mchana kwa sababu akilala damu inajaa kichwani na mle ndani ya jino hakuna pa kuvimbia. Sasa sikiliza hapa. Yale maumivu yanaweza kukata ghafla kwa sababu mshipa umekufa, hauna tena cha kusikia. Nyumba nzima inafurahi, mtoto anarudi kucheza, wakati wadudu wanashuka taratibu kwenye mzizi mpaka kwenye mfupa wa taya. Baada ya wiki, mwezi, wakati mwingine siku chache tu, anaamka shavu limevimba. Nimewaona wengi sana wa namna hiyo kila Januari, na karibu kila mzazi anasema neno lile lile, kwamba lilikuwa limeshaacha kuuma. Siwezi kujua kutoka huku kama la kijana wako limefika huko, ila jino lenye tundu jeusi halijizibi lenyewe hata siku moja.

Sasa hilo la jino la utoto. Mkalishe mlangoni kwenye mwanga, afungue mdomo, uhesabu meno ya chini kuanzia katikati kwenda kushoto. La kwanza na la pili ni ya mbele, la tatu ni lile lenye ncha, la nne na la tano ni magego ya utoto. Ukifika la sita, hilo ni la ukubwani. Linaota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma kabisa, halisukumi jino lolote kutoka, kwa hiyo wazazi wengi hawajui hata kwamba limeota, wanaliita la utoto mpaka linaoza. Kama tundu liko kwenye la sita basi hilo ndilo analotakiwa kuzeeka nalo, likitoka halirudi.

Na hata kama ni la nne au la tano bado maneno ya baba yake hayajatosha. Magego ya utoto yanatoka mtoto akiwa na miaka 9 mpaka 12, ina maana kijana wako angekaa na uchafu ule miaka miwili na zaidi, na chini yake liko jino la ukubwani linajengwa, usaha ukikaa pale linaweza kutoka na madoa au limeharibika ganda. Pia likitolewa mapema bila mpango, meno ya jirani yanaegemea ile nafasi na la ukubwani linakuja kuota kombo. Ndo maana wakati mwingine mtu wa meno atasema tuzibe, au atoe sehemu ya juu ya ule mshipa wa ndani kisha azibe, na wakati mwingine atasema hili litoke tu. Uamuzi huo ni wake akishaliangalia.

Huna haja ya kurudi Kampala. Siku ya kwanza ya kazi muende helthi senta foo, yaani kituo kikubwa cha afya, iliyo karibu au hospitali ya wilaya, huko ndo kwa kawaida anakuwepo afisa wa meno. Kabla hujatoa nauli ya boda muulize VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, wa kijiji hicho, wengi wana namba za wahudumu wa kituo, akupigie kujua kama mtu wa meno yuko kazini au naye amekwenda kwao kwa sikukuu, maana wiki hii hiyo inatokea. Ikishindikana kabisa, Mbale kuna hospitali ya rufaa na kutoka Tororo si mbali. Ukifika omba jino liangaliwe, usikubali kurudi na dawa ya kumeza tu.

Kuhusu amoksilini, mama, hiyo usiitunze. Haizibi tundu wala haitoi jino bovu, inasaidia pale wadudu wameshaenea, na anayeamua hivyo ni mhudumu aliyemwangalia mtoto, akajua na uzito wake. Ulichofanya ni kile ambacho wengi wetu tungefanya asubuhi ya Krismasi na duka moja tu liko wazi, sikulaumu. Ila usimwanzishie tena mwenyewe wala usimpe mtoto mwingine, beba hizo zilizobaki na karatasi yake umwonyeshe wa meno.

Maumivu yakirudi kabla hamjafika, kwa miaka 7 mpe nusu kidonge cha parasetamoli ya miligramu 500, au kama una sirapu ile ya miligramu 120 kwa kila mililita 5 basi mililita 10. Pitisha angalau saa 4 kabla ya kurudia, isizidi mara 4 kwa siku nzima, mchana na usiku. Andika saa uliyompa, kwenye nyumba yenye shangazi watatu na jaja, yaani bibi, mtoto anaweza kupewa mara mbili kila mtu akidhani mwenzake hajampa. Aspirini hapana, chini ya miaka 16 inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo, na usimwekee kidonge juu ya fizi, inaungua. Diklofenaki ya babu pia iacheni kwa babu.

Waragi ulifanya vizuri sana kukataa. Inababua fizi, na mtoto akiimeza hata kidogo sukari ya mwili inaweza kushuka mpaka akazimia. Tumbaku ni sumu kwa mtoto. Wengine huweka mafuta ya karafuu, yale makali yanachoma na mtoto mdogo akiyameza yanamdhuru. Usibishane na mama mkwe, yeye anatoa alichopewa na mama yake wakati hapakuwa na mtu wa meno kilometa nyingi, na anampenda mjukuu. Mpe kazi nyingine: achemshe maji, yakiwa vuguvugu aweke nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, mtoto asukutue ateme, na mara nyingi hilo hutoa kipande cha nyama au muwa kilichokwama, ambacho peke yake kinaumiza vibaya. Kitambaa cha maji baridi kwenye shavu kwa nje, na usiku mto wa pili chini ya kichwa.

Lakini ukiona shavu au chini ya taya limevimba, jicho linaanza kufumba, mdomo haufunguki vizuri, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, anapumua kwa shida au amelegea, hapo usingoje siku ya kazi. Kasualti ya hospitali, yaani sehemu ya dharura, haifungi hata usiku wa mwaka mpya, nenda saa hiyo hiyo. Na akiwa na homa msiseme tu ni jino, huku kwetu apimwe na malaria.

Kidogo kuhusu soda, maana najua kreti imo ndani. Kinachooza meno zaidi ni ile kuonja onja kutwa nzima, kila akimeza tamu wadudu wanatengeneza asidi inayokula jino kwa kama nusu saa, halafu anarudia. Bora anywe moja na chakula iishe kuliko chupa ile ile kutoka asubuhi mpaka jioni. Na mswaki, je mlibeba? Watoto wengi wa mjini miswaki yao inabaki Kampala wiki mbili nzima. Nunua hapo senta, kila mtoto wake, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, umpigishe wewe mwenyewe usiku akishamaliza kula, mtoto wa miaka 7 bado mkono wake haufiki nyuma.

Swali:

Niko Kasese. Mtoto wetu ana miezi 8, tangu juzi anaharisha na joto, shangazi yangu amemwangalia fizi akasema ni ebinyo, yaani meno ya uongo yanayoleta ugonjwa, kuna mama anayeyatoa hapa karibu. Tumpeleke?

Baba

Jibu:

Baba, hapana, tafadhali sana. Vile vidoti vyeupe vilivyovimba kwenye fizi ni meno yenyewe yanajiandaa kuota, siyo meno ya uongo. Kuyachimba kwa spoku ya baiskeli au kisu kunaleta damu nyingi, usaha, pepopunda, kunaweza kupitisha virusi vya ukimwi, na watoto wamekufa. Wanaopona wengi meno yao ya ukubwani yanaota vibaya au hayaoti kabisa. Kuharisha na joto vina sababu nyingine. Leo hii mpeleke kituo cha afya apimwe malaria, apewe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekata, na mama yake aendelee kunyonyesha mara nyingi. Shangazi mchukue muende naye, asikie mwenyewe kutoka kwa muuguzi. Macho yakizama, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu, msipange foleni, semeni mlangoni.