Babu kapandikizwa wapi?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Babu yetu amepandikizwa betri ya moyo. Je, 'betri ya moyo' ni Kiswahili fasaha? Na kile kifaa kingine cha kupiga shoti tukiiteje?"

Betri ngoja kwanza. Nina neno na huyo babu aliyepandikizwa.

Kupandikiza kumezaliwa na kupanda. Mkulima wa mpunga huotesha miche kitaluni, akaing'oa, akaipandikiza jarubani. Kinachopandikizwa ni mche. Babu yenu aliota kitalu gani? Magazeti ndiyo yaliyotuzoesha: "Mgonjwa apandikizwa figo." Mgonjwa hapandikizwi, hupandikiziwa! Mgeni aliyepikiwa wali ameketi mkekani, ananawa mikono, anasikia harufu ya nazi. Mgeni aliyepikwa wali yumo sufuriani. Niliwahi kumweleza hivyo mhariri mmoja, akanijibu kwamba kichwa cha habari hakina nafasi ya herufi moja zaidi. Sawa, nafasi imepatikana, mgeni kaiva.

Tena kwa kifaa hiki hata "kupandikiziwa" sikupendi. Figo hutoka mwili mmoja kwenda mwingine, kidogo inafanana na mche. Pesimeka, yaani hiyo betri ya moyo, hutoka kiwandani. Babu amewekewa, basi.

Sasa "betri ya moyo". Nimechoka kuipinga, isemeni. Ila jueni kwamba betri ni kiungo kimoja tu cha kisanduku kinachokaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kikipitisha waya mshipani hadi moyoni. Ikiisha nguvu baada ya miaka kadhaa, hakifunguliwi kama tochi; hubadilishwa kisanduku kizima. Arne Larsson, wa kwanza kuwekewa, Stockholm mwaka 1958, kifaa chake cha kwanza kilizimika baada ya saa chache. Hadi anafariki mwaka 2001 alikuwa amewekewa zaidi ya 20. Kwa Kiswahili cha magazeti, huyo angekuwa msitu.

Hicho cha shoti ni kingine. Pesimeka huukumbusha moyo unaozubaa, kwa umeme mdogo ambao kwa kawaida mtu hausikii. Difibrileta, ndicho hicho cha shoti, huvizia moyo unaokwenda mbio za hatari, kisha huuchapa. Waliochapwa husema ni kama teke la punda kifuani. Mimi hukiita kishtuamoyo, na anayetaka kucheka acheke. Vipo pia vinavyofanya kazi zote mbili.

Kadi aliyopewa babu hospitali itawaambia amewekewa kipi. Ikiwa imeandikwa "amepandikizwa", naomba msinionyeshe.